Istiara ni Kuazima: Historia Fupi ya Mlinganisho katika Kueleza Mambo Mazito, Kutoka Pate Hadi Kisumu

Utangulizi

Kila msimu wa mitihani ya majaribio, walimu wa fasihi hukutana na jibu lile lile. Swali limemtaka mtahiniwa afafanue matumizi ya istiara au jazanda katika kazi fulani. Mtahiniwa anataja mbinu, ananukuu sentensi moja, kisha anaongeza kwamba mbinu hii "imeipamba kazi". Baada ya hapo anakimbilia tashbihi, na huko nako anakuta pambo. Jina la mbinu amelipata. Kazi ya mbinu hajaigusa.

Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba katika historia ya fasihi ya Kiswahili, waandishi wetu walitumia mlinganisho kueleza mambo ambayo lugha ya moja kwa moja ilishindwa kuyaeleza, au haikuruhusiwa kuyaeleza. Aidha, yanadai kuwa kila mlinganisho una mpaka wake, na kwamba mhakiki hajamaliza kazi mpaka auonyeshe mpaka huo.

Nianze kwa kuungama kosa langu. Riwaya ya Ken Walibora, Kidagaa Kimemwozea (2012), ilipokuwa kitabu teule, niliwapa wanafunzi wangu swali kuhusu ufaafu wa anwani. Mwanafunzi mmoja, mkaazi wa hapa Manyatta, aliandika kwamba Mtemi Nasaba Bora ni kama mwanamke aliyeanika omena asubuhi akiliamini jua, kisha mvua ikamkuta mchana. Nilipitisha kalamu nyekundu na kuandika "nje ya mada". Nilitaka aseme nilichokuwa nimeandika ubaoni: kwamba msemo huu una maana ya mtu kuharibikiwa na mambo. Nitarejelea kosa hilo baadaye, kwa kuwa ndilo lililonisukuma kuandika.

Istilahi

Walimu tumekuwa tukibishana kuhusu mipaka ya istilahi hizi, na wanafunzi ndio wanaoumia. Kwa minajili ya makala haya, tashbihi ni ulinganishaji unaotumia viunganishi kama vile "kama", "mithili ya", "mfano wa" na "ja". Istiara huondoa kiunganishi na kukiita kitu kwa jina la kingine. Jazanda ni picha iliyojengwa na kupanuliwa, pengine ikatawala beti kadhaa au kazi nzima. Mlinganisho nitautumia kama neno la jumla: kumchukua msomaji kutoka katika jambo alijualo na kumfikisha katika jambo asilolijua, kwa njia ya uhusiano uliopo baina ya hayo mawili.

Neno istiara lenyewe linatufaa kama mwongozo. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya msingi ni kuazima. Mwandishi anaazima jina au sura ya kitu kimoja ili akieleze kingine. Sasa wahenga wetu walishatuonya kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Kuna sehemu picha ya kuazima itaifunika vizuri, na kuna sehemu itaiacha wazi. Tuyashike mambo haya mawili tunapoipitia historia.

Pate: Nyumba iliyobeba fikra

Mwanzoni mwa karne ya 19 hivi, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate alitunga Al-Inkishafi. Jambo alilotaka kulieleza ni zito kwa mtu yeyote: kwamba utajiri na ukuu havimzuilii mtu mauti. Angeweza kulisema kama fatwa. Badala yake aliusemesha moyo wake mwenyewe, akautembeza katika majumba ya Pate, mji uliokuwa umekwisha kudhoofika. Kumbi zilizowahi kung'aa kwa taa sasa zina popo. Zidaka zilizopambwa kwa vyombo vya kaure vya thamani zimekuwa viota vya ndege. Mshairi anaifananisha dunia na bahari iliyochafuka, na uhai na taa iliyowekwa penye upepo.

Tuangalie jinsi mlinganisho huu unavyofanya kazi. Msomaji wa Pate hakuhitaji kuelezwa kidaka ni nini. Alikuwa nacho ukutani kwake. Bahari iliyochafuka aliijua, kwani ndugu zake walisafiri humo. Mshairi hakuazima kutoka mbali. Alichukua vilivyokuwa karibu kabisa na macho ya msomaji, na kwa hivyo fikra ngumu ikaingia nyumbani bila kubisha hodi.

Mombasa: Fumbo katika siasa

Muyaka bin Haji (1776-1840) aliishi Mombasa wakati Wamazrui walipokuwa wakishindana na Sayyid Said wa Omani, na pia wakati wa uhasama baina ya Mombasa na Lamu. Muyaka huelezwa kama mshairi aliyeutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Beti zake zilieleza mapenzi, njaa, deni na vita. Katika siasa alitumia fumbo, na waliokuwa ndani ya ugomvi walifumbua mara moja.

Hapa dhima ya mlinganisho inapanuka. Kwa Sayyid Abdallah, picha ilirahisisha. Kwa Muyaka, picha ilichagua wasikilizaji: aliyehusika alielewa, asiyehusika alipita. Mtahiniwa anayesema kwamba fumbo "limeficha maana" amesema nusu tu. Anapaswa kuongeza: limefichwa nani, na limefichuliwa nani?

Kusadikika: Nchi iliyo hewani

Shaaban Robert (1909-1962) alichapisha Kusadikika mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza naye akiwa mtumishi wa serikali hiyo. Dhana aliyotaka kuieleza ni utawala wa sheria: kwamba mshtakiwa ana haki ya kusikilizwa, na kwamba kiongozi hapaswi kumwadhibu mtu kwa kuleta wazo jipya. Ni dhana ambayo vitabu vya sheria huijazia kurasa nyingi.

Mwandishi aliunda nchi inayoelea angani. Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria. Katika kujitetea, Karama anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini. Wajumbe hao walirudi na mawazo ya kuifaa nchi, na malipo yao yakawa kifungo.

Nchi iliyo hewani ilimpa mwandishi mambo mawili. Kwanza, kinga, kwa sababu hakuna afisa angeweza kusema kwa hakika kwamba Kusadikika ni Tanganyika. Pili, uwazi. Kwa kuwa nchi hiyo haina ramani, msomaji anaangalia haki na dhuluma zenyewe bila kuzongwa na majina. Lakini nguo hii nayo ina sehemu iliyoacha wazi. Nchi isiyo na ramani haina pia bei ya katani, kodi ya kichwa wala shamba la mlowezi. Dhuluma ya kikoloni ilikuwa na uchumi wake, na huo Kusadikika hauuoni vizuri. Kusema hivi hakumdunishi Shaaban Robert. Ni kumsoma kwa makini.

Ujamaa: Picha inapojibiwa na picha

Mfano mkubwa zaidi wa mlinganisho katika Kiswahili haumo katika riwaya wala shairi. Umo katika neno moja. Mwaka 1962 Julius Nyerere alitoa andiko lake juu ya Ujamaa. Alihitaji kuwaeleza watu, wengi wao wakiwa wakulima, itikadi ya kisoshalisti. Hakuanza na viwanda vya Ulaya wala mapambano ya matabaka. Alianza na jamaa, yaani watu wa ukoo mmoja wanaofanya kazi pamoja na kugawana. Alikumbusha methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, kuonyesha kwamba katika jamaa kila mtu hufanya kazi. Kufikia Azimio la Arusha la mwaka 1967, neno hilo lilikuwa jina la siasa ya nchi nzima.

Ulikuwa mlinganisho wenye nguvu, kwa sababu hakuna asiyejua jamaa. Lakini taifa si ukoo. Katika ukoo watu wanajuana kwa sura na majina. Katika taifa kuna ofisi, amri na askari. Kati ya 1973 na 1976, wakulima wengi wa Tanzania walihamishiwa vijijini, na wengine walihamishwa kwa nguvu. Aliyeona nyumba yake ikibomolewa kwa jina la ujamaa alifika pale mlinganisho ulipokomea. Picha ya jamaa ilieleza kugawana. Haikueleza nani ana mamlaka, wala nini kinafuata mtu akikataa.

Aliyelijibu hilo kwa fasihi alitoka katika ziwa hili hili letu. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alichapisha Gamba la Nyoka mwaka 1979, riwaya inayohusu uhamishaji wa wanakijiji. Tazama anwani. Nyoka huvua gamba, na anayeliona gamba kavu njiani anaweza kudhani nyoka amekwisha. Nyoka yupo, tena ana ngozi mpya. Kwa usomaji wangu, anwani hiyo inauliza swali ambalo picha ya jamaa haikuliuliza: je, kilichobadilika ni kiumbe au ni ngozi?

Naomba mwalimu mwenzangu alifikishe hili darasani. Hotuba ya kisiasa ilitumia istiara, na riwaya ikaijibu kwa istiara. Mwanafunzi anayeziona picha hizi mbili zikijibizana hawezi tena kuandika kwamba istiara "imeipamba kazi".

Mnazi, mamba na Kisumu

Turudi Kenya. Mwezi wa Novemba mwaka 1968, kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, aliandika kijikaratasi kilichoitwa Kenya: Twendapi? Alikuwa mfuasi wa Kenya People's Union, chama cha Jaramogi Oginga Odinga ambacho ngome yake ilikuwa huku kwetu. Alikamatwa na kufungwa hadi mwaka 1972. Akiwa gerezani, tarehe 25 Oktoba 1969, Rais Jomo Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali, vurugu zikazuka, na askari wakawafyatulia watu risasi. Siku chache baadaye chama hicho kilipigwa marufuku. Mashairi ya gerezani ya Abdilatif yalichapishwa mwaka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki.

Katika diwani hiyo kuna shairi la mamba mwenye kujiona hatashindwa, na kuna majibizano marefu ya ndugu wawili wanaougombea mnazi. Mwandishi aliyefungwa kwa maneno ya moja kwa moja alipata njia ya kuendelea kusema. Mamba hauhitaji maelezo kwa mtoto wa ziwani. Mnazi, hata hivyo, humpa taabu. Wengi wa wanafunzi wangu hawajawahi kupanda mnazi, wala kuona dafu likiangushwa.

Niliwahi kufanya zoezi moja ambalo ninalipendekeza. Niliwaambia wanafunzi waubadilishe mnazi uwe mtumbwi wa kuvulia, kisha tuone kama shairi litasimama. Mwanzoni lilisimama: ndugu wawili, mali moja, mmoja anafaidi na mwingine anatazama. Kisha msichana mmoja akasema halisimami. Mtumbwi, alisema, usipouingiza majini usiku haukupi kitu, na samaki hugawanywa baina ya mwenye mtumbwi na wavuvi. Mnazi ukishapandwa huendelea kuzaa miaka mingi, hata kwa mtu ambaye hakuupanda. Kwa hiyo mnazi unaeleza vizuri zaidi jinsi mtu anavyoweza kula jasho la waliomtangulia. Darasa lilifika hapo bila maelezo yangu, na lilifika kwa kuupima mlinganisho badala ya kuutaja.

Ndizi na chungwa

Siyo kila picha inaeleza. Katika kura ya maoni ya tarehe 21 Novemba 2005, Wakenya walipewa alama mbili: ndizi kwa waliokubali rasimu ya katiba, na chungwa kwa walioikataa. Machungwa yaliinuliwa juu katika mikutano ya hapa Kisumu. Alama hizo zilimsaidia asiyejua kusoma kuutambua upande wake kwenye karatasi ya kura, na hiyo ilikuwa kazi ya maana. Upande wa chungwa ulishinda, na tunda hilo likaja kuwa jina la chama.

Lakini chungwa lilieleza nini kuhusu mamlaka ya rais, ugatuzi au ardhi? Hakuna. Hapakuwa na uhusiano wowote baina ya tunda na vifungu vya rasimu. Ndiyo tofauti ya taashira ya makubaliano na mlinganisho. Taashira kama hiyo hukuambia usimame wapi. Mlinganisho hukueleza kwa nini. Mtahiniwa asizichanganye, na mwananchi pia asizichanganye, maana ni rahisi kulishika tunda ukadhani umeishika katiba.

Kidagaa na kalamu nyekundu

Sasa nirejee kosa langu. Miezi kadhaa baada ya kulikata jibu la yule mwanafunzi, nilikuwa Dunga, ufuoni, siku ya masika. Wanawake walikuwa wameanika omena juu ya nyavu zilizotandazwa chini. Wingu lilitanda na watu wakaanza kukimbia. Waliochelewa walinyeshewa. Niliuliza kitakachofanywa na omena ile, nikajibiwa kwamba haitupwi. Ikianza kuoza huuzwa kwa bei ya hasara, iwe chakula cha kuku.

Hapo ndipo nilipoelewa kile alichokiandika. Dagaa ni omena. Samaki mkubwa akianza kuharibika, mtu anaweza kumkata na kuokoa sehemu. Kidagaa hakina sehemu ya kuokoa, tena huoza kwa wingi na kwa muda mfupi. Aliyeanika hakuwa na ubaya wa kuanika. Kosa lake lilikuwa kuamini kwamba jua la asubuhi ni ahadi. Nasaba Bora aliyaamini mamlaka yake hivyo hivyo, na mashamba aliyojinyakulia yakageuka ushahidi dhidi yake. Mwanafunzi alikuwa ameeleza msemo, mhusika na maudhui kwa sentensi moja. Mimi nilikuwa na shahada ya ualimu na maelezo ya ubaoni.

Mpaka wa mlinganisho wake ulikuwepo pia, na ndio niliopaswa kumwonyesha badala ya kukata. Mvua haina nia wala kosa, na mwanamke wa Dunga ni mtu wa kuhurumiwa. Nasaba Bora hakuangushwa na hali ya hewa bali na matendo yake. Laiti ningeandika pembeni, "Je, Mtemi naye ni wa kuhurumiwa?", angepata jibu bora kuliko langu. Insha zake zilizofuata zilijaa misemo ya vitabuni, na ziwa halikutokea tena. Hiyo ndiyo hasara ninayotaka walimu wenzangu waiepuke.

Mwongozo kwa mtahiniwa

Kutokana na historia hii, ninapendekeza maswali manne ambayo mtahiniwa ajiulize kila anapokutana na istiara, tashbihi ndefu au jazanda:

1. Ni jambo gani gumu linaloelezwa? Lisipotajwa, jibu halijaanza.
2. Picha imeazimwa kutoka wapi, na msomaji wa wakati huo aliijua kwa kiasi gani?
3. Ni uhusiano gani unaounganisha picha na jambo? Usiseme "vinafanana". Sema vinafananaje.
4. Ni kipi kisichofunikwa na picha hiyo, na je, kukiacha wazi kumedhuru au kumeimarisha ujumbe?

Maswali haya yanafaa pia katika uandishi wa insha. Mwanafunzi anayetaka kueleza ufisadi, deni la taifa au mabadiliko ya tabianchi aanze na kitu anachokijua kwa mikono yake, aonyeshe uhusiano, kisha akiri mahali ufanano unapokomea. Anayeazima picha ya vuli za pwani akiwa hajaziona, ilhali magugumaji yamelifunga ghuba mbele ya macho yake, anajinyima silaha.

Hitimisho

Kutoka zidaka za Pate hadi nyavu za Dunga, waandishi na wasemaji wa Kiswahili wameyafikisha mambo mazito kwa kuazima yaliyo karibu. Wavuvi wetu huvua omena usiku kwa taa. Taa hiyo inaangaza kweli, lakini samaki wanaoifuata huishia wavuni. Mlinganisho nao huangaza, na asiyeupima anaweza kuufuata hadi mahali asipotaka kufika. Kazi yetu ni kuwafundisha vijana kuitumia taa na kuuona wavu. Na kwa wale wanaosahihisha: tunapoona ziwa, shamba au jiko la mwanafunzi limeingia katika jibu lake, tulisome jibu hilo mara mbili kabla ya kalamu nyekundu kugusa karatasi.